Visiki vya Baba

Kilima hiki cha juu ya Kayenze baba alikimaliza kwa shoka,
gogo kwa gogo, akikausha sangara.
Sitamlaani. Kila daftari langu lilikuwa tawi,
na sare yangu ilinuka moshi
hata mwalimu wa jiografia akafungua dirisha,
kisha akaendelea na somo: mmomonyoko wa udongo.

Vuli ikaja, kilima kikateremka chenyewe ziwani.
Maji yakawa uji wa mtama.
Dagaa wakahama, magugumaji yakahamia,
na kijito cha Nyamhela kikabaki jina tu,
la kumwelekeza mgeni njia.

Nilirudi na viriba mia nne.
Misindano, kwa kuwa ndiyo iliyogawiwa bure.
Ikasimama wima kama askari wa kituo kipya,
haimjui ndege hata mmoja.
Chini yake nyasi zikagoma.
Mbuzi wa Lugwisha waliipita bila kunusa.

Mwaka wa pili nikapanda mivule, mikwaju, migunga.
Kiangazi kikala. Mchwa wakala.
Mbuzi, safari hii, walinusa.
Nikahesabu, nikarudia kuhesabu:
miche sitini na mmoja.

Nkwimba alipanda kutafuta kuni tu.
Akanitazama nikichimba, akacheka:
"Mbona unahangaika na vichanga
na hawa wazima umewaacha gizani?"
Akafyeka kichaka kwa panga.
Kisiki. Alama ya shoka la baba bado ipo,
na ubavuni machipukizi saba,
mekundu kama ulimi wa ndama.

Kumbe mizizi haikuwahi kuhama.
Ilikuwa imenyamaza tu, kama mtu aliyekatwa kauli.

Tukazungusha miiba, tukakifanya ngitili.
Kila kisiki tukakiachia machipukizi mawili;
yaliyobaki akayafunga Nkwimba, akaenda kupikia.
Hiyo ndiyo ilikuwa mikutano yetu yote.

Sasa ni mwaka wa sita.
Nyamhela ina maji, unene wa kidole gumba,
lakini ni maji, na yanaonyesha mawe.
Ndege wameanza kugombana alfajiri.

Baba hapandi tena, magoti yamekataa.
Jana nilimpelekea jani moja.
Macho hayaoni vizuri; akalifikicha, akalinusa,
akakaa nalo kiganjani muda mrefu.
"Mkuyu," akasema. "Ule wa pale kwenye jiwe lililopasuka.
Ule wa madaftari ya darasa la tano."