Mafundo Tisa

Pakiti imeandika: siku tano hadi nane.
Aliyeandika hajalala Newala mwezi wa sita,
hajaamka akakuta ukungu umepanda kutoka bonde la Ruvuma,
umeingia hadi uvunguni, umekaa
kama mgeni asiyesema ataondoka lini.

Leo ni siku ya kumi na nne.
Mbegu zangu za nyanya, kumi na moja kwa hesabu,
zimo kwenye kopo la maziwa ya unga.
Nimelitoboa kitako kwa msumari wa moto,
nimelijaza udongo wa chini ya mkorosho
na samadi ya mbuzi wa Bi Asumini
niliyoipepeta kwa chekeche la unga, Mungu anisamehe,
kisha nikaliosha mara tatu.
Kimya.

Dada Fatu anapiga simu kutoka Lindi, anacheka.
Kwao ukila nyanya ukatema mbegu mlangoni
wiki ijayo unagombania njia na mche.
"Ulifuata nini huko juu?"
Nilifuata mume. Mume alifuata korosho.
Korosho zikafuata bei, naye akazifuata.
Nikabaki mimi, na cherehani, na kisima.

Kisima chetu hakina chemchemi.
Ni tumbo la saruji linalomeza mvua ya bati
Desemba hadi Aprili, kisha linafunga mdomo.
Kamba ya ndoo nimeifunga mafundo tisa.
Leo maji yako fundo la nne.
Fundo la tisa ni tope na chura,
na dumu la Nampulu, anayelipandisha mlima kwa baiskeli
na bei akaipandisha humohumo.
Kwa hiyo usiniulize tarehe.
Nyanya, tangu kuchipua hadi kuiva, inakula mafundo matano.
Ninayo matano. Hakuna chenji.

Ilikuwa bahati tu.
Nilikuwa nanyoosha sketi za shule, zile za bluu,
pasi ya mkaa nikaiegesha pembeni, kopo likiwa hapohapo.
Nilipogusa udongo ulikuwa vuguvugu
kama paji la mtoto anayeanza homa.

Tangu hapo napiga pasi.
Nimenyoosha sketi, nimenyoosha mashuka,
nimenyoosha vitambaa vya meza ambavyo hakuna aliyevileta,
nimenyoosha suruali aliyoiacha,
mshono juu ya mshono, kana kwamba anakuja kuivaa.
Mkaa wa elfu moja haunifikishi Isha.
Usiku naliviringisha kopo kwa kitenge
naliweka kando ya majivu, si karibu, si mbali.
Kipimo ni kiganja:
kikivumilia hadi nihesabu ishirini,
na mbegu itavumilia.

Siku ya kumi na saba
Zainafi wa nyumba ya pili, aliyetumwa sketi yake,
akainama juu ya kopo.
"Kuna uzi humu."
Kwa fundi, nikamwambia, nyuzi ziko kila mahali.
"Huu wa kijani. Umejikunja."

Kweli.
Shingo imepinda kama sindano ya kushonea magunia,
kichwa bado kimevaa ganda,
hakijaamua.
Mmoja kati ya kumi na moja.
Zainafi akataka kulivua ganda kwa ukucha,
nikamshika mkono, labda kwa nguvu kuliko ilivyofaa.
Nikanyunyiza maji kwa ncha za vidole
kama ninavyolainisha kitambaa kabla ya pasi,
tukakaa wote wawili tunatazama
kitu ambacho hakikufanya lolote.

Sketi ameondoka nayo ina duara la udongo kiunoni,
saizi ya kopo barabara.
Mama yake atakuja kesho na maneno.
Aje.

Jioni nimeteremsha ndoo.
Fundo la nne limepita kiganjani,
kamba ikaendelea kidogo,
ndipo nikasikia maji.