Mwenye Nyumba Hapigi Hodi

Mchoraji mkuu huchora mkono ukiwa chini,
kisha huchora mkono ukiwa juu, ngumi imegusa mlango.
Katikati ananiachia mimi.
Ndiyo kazi yangu, mwaka wa kumi na mmoja sasa, hapa Hachioji:
wao huchora jambo na jambo,
mimi huchora njia.

Usiku huu ni sehemu ya ishirini na sita, ya mwisho.
Nje, theluji haijaamua kama ni mvua.
Kisaragi wa rangi amelala chini ya meza,
soksi moja mguuni, ya pili inakauka juu ya printa.

Marubani wetu walikuwa watano, wenye miaka kumi na mitano.
Tumewamaliza kwa penseli laini.
Genta alizima injini yake ili wenzake wapate hewa.
Mapacha, Ibuki na Nagi,
waligongana wakikimbilia kuokoana.
Rokuro, yule aliyeimba vibaya,
tulimwacha kwenye mwezi mmoja wa Mshtarii
fedha zilipokwisha.

Amebaki Chigusa.
Mwendo wa chombo chake hula miaka ya wanaobaki:
kwake imepita miezi minne,
duniani arobaini na mmoja.
Sasa amesimama mbele ya mlango wa kwao,
buti za angani juu ya zulia la kufutia miguu,
na andiko halimwambii aseme nini.

Mukoyama, mwongozaji, amezunguka na swali hilo wiki mbili.
Akipiga hodi, amekuwa mgeni.
Akisema nimerudi, amerudi kwa nani?
Mwenye nyumba hapigi hodi.
Ila nyumba hii, bado ina mwenyewe?

Walimwita Bi Todoroki, anayemtolea sauti,
mama wa miaka hamsini na mitatu
mwenye binti wa miaka kumi na mitano kooni.
Alikunywa maji ya moto, akasimama mbele ya kipaza sauti,
akainama, akavua viatu,
akavipanga vikitazama nje.
Akavuta pumzi.
Hakusema kitu.
Mukoyama akasema: hiyo hiyo.

Basi nikaingia mimi na karatasi zangu ishirini na nne.
Ya kwanza, vidole vinakumbuka usukani.
Ya saba, mkono unasita; nimeulegeza kifundo.
Ya kumi na tisa sikuagizwa, lakini nilichora
chini ya mlango, mstari mwembamba wa nuru.

Kisaragi aliamka, akaishika juu ya taa.
“Hii nuru imetoka wapi?”
Nikamwambia, kuna mtu ameamka.
Akajikuna shingo.
Akaipaka rangi ya chai.

Ilirushwa saa saba na dakika ishirini na tano usiku.
Mama yangu, kule Noshiro, hajui jina la hata mmoja wao,
lakini alikesha, kwa sababu jina langu hupita mwishoni,
dogo, haraka, kati ya majina mengine.
Akanipigia.

“Mbona amekonda yule mtoto?”
Ni penseli, mama.
“Alifunguliwa?”
Hatukuchora.
Nikasikia birika lake likianza kulia, akaliacha lilie.
“Na wale wanne,” akasema,
“makwao nani amekwenda kuwaambia?”

Sehemu ishirini na sita.
Vita kumi na saba, nilizihesabu; nyota zilizopasuka, vumbi lake lote ni langu.
Mzazi mmoja hatukumchora
akifuta mikono kwenye aproni, akienda kufungua.

Nilikata simu, au yeye alikata.
Ofisini walikuwa wanamimina bia kwenye vikombe vya karatasi,
Mukoyama analia na kucheka, ananiita njoo.
Nikasema nakuja.

Nikavuta karatasi isiyo na namba.
Kwao Genta, ghorofa ya tatu, baiskeli yake ndogo bado ipo kwenye ukumbi.
Nikachora mkono ukiwa chini.