Herufi Ishirini

Kijana kutoka Mtwara mjini alikuja na programu kwenye flashi,
akabonyeza mara tatu, akaniambia: tayari.
Majedwali kumi na moja yamejipanga yenyewe
kabla chai yangu haijapoa.
Na Newala chai hupoa upesi, ukungu ukipanda.

Sikatai. Nilimpigia makofi.
Mimi ni wa kukesha, mstari kwa mstari,
unda jedwali, fungua mabano, funga mabano,
saa nane usiku mkato mmoja umekosekana
na kazi yote imemwagika kama gunia lililopasuka.

Lakini asubuhi tukaingiza wanachama.
Salumu Nachipyangu Mkwatilo
akatoka Salumu Nachipyangu M,
programu imempimia herufi ishirini, baki imetupa.
Simu zote zikapoteza sifuri ya mbele.
Kisha Somoe Chinguile, dirishani, na kitambulisho mkononi:
mbona mikorosho yangu imeandikwa kwa Hashimu Likapa?

"Shamba si la Hashimu?" kijana akauliza.
"Udongo wake. Miti aliipanda mama yangu."

Kwa mfumo, mti hauwezi kusimama
juu ya ardhi ya mtu mwingine.
Kwetu umesimama miaka arobaini, na unazaa.

Nikarudi kwenye mistari yangu.
Jedwali la ardhi. Jedwali la mikorosho, peke yake,
na kati yao uzi mwembamba wa namba.
Pembeni nikaacha maneno ambayo mashine huyaruka:
*haya mawili yasiunganishwe. Ukibisha, muulize Somoe.*

Nyumbani dada yangu Fadhina hubangua kwa mkono.
Mafuta ya ganda yamemla vidole hadi mistari imefutika;
alipokwenda kusajili laini, kifaa kilikataa kuwa yeye ni mtu.
Kiwandani mashine hubangua gunia
yeye hajamaliza sahani,
ingawa nyingi hutoka vipande.
Aliniuliza, wewe ungechagua lipi?
Nikamtazama vidole. Sikujibu.

Msimu huu programu nimeiachia maghala,
mizani, tarehe za mnada,
vitu visivyo na shangazi wala mirathi.
La mikorosho naliandika mwenyewe.

Jana usiku mkato umekosekana tena.
Mstari wa sitini na mbili.
Nimeuona kumekucha, pengo dogo,
kama la chawa kwenye mshono.