Figa la Serikali

Nilikuwa mshika utepe, si mpimaji.
Mpimaji alikuwa Bwana Kaijage, mwenye kofia
na darubini ya miguu mitatu;
mimi nilivuta, nikafyeka, nikasimama niliposimamishwa.
Pale mstari unapouacha mto Mpiji
alinyoosha kidole akasema, "Hapo."
Nikachimba. Saruji, nondo, namba kichwani.
Upande huu Dar es Salaam, upande ule Pwani.
Kuku wa Bi Sikudhani walipita katikati wakidonoa.

Hakuna aliyemuuliza mwenye kuku.
Ramani ilishapigwa muhuri ofisini,
na ofisi yenyewe baadaye ikahamia Dodoma,
ikabeba makabati, ikaacha jiwe.

Nimerudi baada ya miaka ishirini na miwili,
namtafutia binti yangu kiwanja.
Palipokuwa na mikorosho pana duka la vipuri,
shule yenye basi la njano, saluni, kanisa la turubai,
wala huoni Dar inakoma wapi
mpaka dalali akutajie bei:
hatua kumi kulia, bei ya mjini,
hatua kumi kushoto, bei ya shamba.
Au usubiri Jumanne, gari la taka lije.
Linapiga honi, linazoa,
linafika kwa Bi Sikudhani, linageuza.
Dereva hana chuki na mtu. Ana karatasi.

Jirani wa kulia ana mwenyekiti wa mtaa.
Jirani wa kushoto ana mwenyekiti wa kitongoji.
Mmoja mtu wa mjini, mwenzake mwanakijiji,
na ukuta wao mmoja, na panya wao wale wale.
Bi Sikudhani analala Dar, anaoga Pwani.
"Nikiumwa usiku," anasema,
"kwanza nafikiri mlango wa kutokea."

Lakini bomba la maji limepita.
Limekatiza chini ya bikoni yangu bila hodi,
maana mamlaka yake ilipewa pande zote mbili
kwa sahihi moja.
Nguzo za umeme nazo zimevuka, zimesimama wima.
Kumbe mpaka una ufunguo,
na ufunguo hauko kulia wala kushoto.

Masika yalipofumua mfereji
halmashauri mbili ziliitana darasani, chini ya feni bovu.
Wa huku akasema mfereji unaanzia kule.
Wa kule akasema unaishia huku.
Kisha wakapatana, kwa upole wa kushangaza,
kwamba wausubiri waraka.
Kijana mmoja, Makunja, viatu mkononi,
suruali imekunjwa hadi magotini, akauliza:
"Na maji tuyaambie yasubirie wapi?"
Watu wakacheka. Katibu hakuandika.

Nilimkuta Bi Sikudhani uani, anapika.
Nikaitafuta bikoni yangu kwa macho, nisiione,
hadi moshi ulipopisha:
nyeusi kwa masizi, namba imeliwa na moto,
sufuria ya kunde imekaa juu yake.
Aliokota mawe mawili, moja huku, moja kule,
akayasukuma, akayapima kwa jicho,
yakalingana na lile la tatu.

Nikasema, mama, hili ni kosa kisheria.
"Kosa ni kung'oa. Mimi nimeng'oa?
Hili la serikali halisogei.
Basi nasogeza haya yangu."
Akapuliza moto, akakohoa.
"Ila upepo ukigeuka, moshi wote unaingia chumbani,
na jiko siwezi kulihamisha.
Aliyelichimbia hapa, sijui alikuwa anaangalia nini."

Alikuwa anaangalia kidole cha mtu mwingine.
Sikumwambia.
Akanipa mwiko nionje chumvi.
Nikasema imekolea.
Haikuwa imekolea.