Mbegu Isiyojua Kungoja

Bolamba alizileta kutoka Kisangani,
siku kumi na moja barabarani, juu ya mapipa ya mawese:
mbegu tano ndani ya kopo la maziwa,
zimefungwa kwa kitambaa alichokilowesha
kwa maji yake mwenyewe ya kunywa.
"Zikikauka zimekufa," alisema.
"Si kama maharagwe yenu, yanayojua kungoja."

Mangostini.
Jina lenyewe nililitafuna siku nzima kabla ya kulimeza.

Hapa Majengo hatuna udongo.
Tuna jiwe jeusi lililokuja usiku likiwa jekundu,
likaingia kwa mama Masika kupitia mlango wa mbele
kama mgeni mwenye haraka, na likakaa.
Udongo tunaununua. Unashuka kutoka Masisi
kwa chukudu, gunia kwa gunia,
na mwenye chukudu hupanga bei kwa kutazama viatu vyako.
Siku ile nilikwenda pekupeku.

Nikakata bidoni ya njano shingoni,
nikaitoboa chini kwa msumari wa moto,
nikachanganya samadi ya mbuzi iliyolala miezi mitatu.
Mbegu nikazilaza, sikuzizika:
giza la nusu kidole linatosha.

Mbili zilioza. Moja panya aliila.
Ya nne ilichungulia, ikaona Goma, ikarudi.
Ya tano, wiki ya sita, ikatoa kitu chekundu,
chembamba kama ulimi wa paka.

Bolamba aliniambia na hili:
mmangostini hauhitaji dume.
Mbegu ni mama yule yule, amejirudia.
Mjukuu wangu Kavugho alikuwa akipima jani kwa rula,
yeye ambaye kwenye fomu ya shule, mahali pa baba,
mwalimu alichora mstari tu.
Mimi nilinyamaza. Yeye akasema,
"Basi huu ni wetu."

Majani mawili, kisha miezi ya kimya, kisha mawili.
Jirani yangu Mbusa husimama ukutani na kucheka:
parachichi lake lilichipuka nyuma ya huu wangu
na sasa linagonga bati.
Mwache. Mimi ni mshonaji,
najua tofauti ya kushona na kubandika.

Usiku ule mbingu ilipowaka tena
na watu wakamiminika njia ya Sake
na magodoro, na runinga, na kuku wamefungwa miguu,
mimi nilibeba bidoni kichwani.
Cherehani niliiacha.
Penye kizuizi askari alinimulika.
"Mama, hiki nini?"
"Matunda."
"Yako wapi?"
"Miaka minane mbele."
Alizima tochi.

Tuliporudi, moto ulikuwa umesimama mitaa kadhaa mbali.
Cherehani ilikuwepo. Mti ulikuwa umepoteza jani moja,
na Kavugho alilihifadhi ndani ya daftari la hesabu.

Sasa unanifika gotini.
Wajuzi wananiambia hapa ni juu mno, usiku una baridi mno,
mti huu unataka jasho la mtoni, hautazaa kamwe.
Huenda. Naufunika kwa gauni langu kuukuu hata hivyo.
Nimeshona magauni ya harusi ambazo hazikufanyika,
na mishono yake haikuwa milegevu.

Lakini lipo jambo.
Bolamba alinionyesha ganda moja kavu:
kwa chini kuna ua dogo, kama limechongwa.
Hesabu petali zake, ndivyo vipande vilivyomo.
Sita nje, sita ndani.
Katika mji huu ambamo hakuna ajuaye
mlima umetubakizia siku ngapi,
ningependa, mara moja tu,
kuketi na Kavugho juu ya jiwe hili,
tunda mkononi,
tuhesabu kwanza,
ndipo tupasue.