Dalia za Fresno

Dada yangu Satenig anaishi Astoria,
ambako ukungu hulala barazani hadi saa nne
na koti la sufu halipumziki hata Julai.
Kila Machi hunitumia viazi vya dalia katika sanduku la viatu,
vimeviringishwa gazetini, kila kimoja na jina lake
kwa penseli ya zambarau, na barua ya maneno matatu:
Panda. Mwagilia. Subiri.

Mwenye ukungu hamjui mwenye jua.

Mimi niko Fresno. Huku mpini wa koleo
haushikiki bila glovu,
paka wa jirani huvuka lami mbio kama anayekwepa mdai,
na saa tisa alasiri kipimajoto cha Krikor, mume wangu,
husema arobaini na mbili,
naye hukigonga kwa ukucha
kana kwamba kimemtukana.

Mwaka wa kwanza nilipanda Aprili. Nikamwagilia. Nikasubiri.
Zikafika kiunoni, zikabeba matumba,
na matumba yakakaangika mashinani, kahawia nje,
kahawia ndani.
Nikazidisha maji: viazi vikaoza.
Nikazidisha mbolea: majani mapana, teketeke, yakababuka.
Satenig akatuma picha ya ua kubwa kama sinia
na uso wake pembeni, kwa kulinganisha.

Aliyeniokoa ni Youa, wa nyumba ya tatu,
anayelima mchaichai na bilinganya za kuuza Jumamosi.
Alichota udongo wangu, akaunusa, akaurudisha.
"Unalea mtoto wa milimani," akasema.
"Mchana wa jua anaujua.
Asichokijua ni usiku usiopoa."

Basi nikaanza upya, kwa sheria zake.
Viazi vikae gizani, mchangani, hadi katikati ya Juni,
joto liwakute wangali watoto,
wasiwe na ua la kupoteza.
Majani makavu ya ngano juu ya udongo, kina cha kiganja.
Maji saa kumi na moja alfajiri, miguuni, taratibu,
mpaka fimbo izame bila kubishana;
kisha uache, hata ukionewa huruma na majani yaliyolegea
(ya jioni yatainuka; ya asubuhi ndiyo kilio).
Na kila siku upekue chini ya jani,
anakofuma utitiri mwekundu, fundi asiyetumwa.

Upande wa magharibi nilitundika shuka letu la harusi.
Krikor alilitazama likipepea juu ya matuta,
akanitazama mimi,
akaenda kuleta misumari.

Agosti ikaja na amri ngumu kuliko zote:
kata. Hadi magotini.
Niliushika mkasi kama mwizi.
Matumba manane yalianguka siku hiyo, nikayahesabu,
na usiku sikumjibu mtu vizuri.

Oktoba, asubuhi ya kwanza niliyotafuta sweta,
moja ikafunguka.
Lebo ilisema nyeupe. Ilikuwa na wekundu ukingoni,
kama mtu aliyeinama jikoni muda mrefu.
Ndogo: kikombe cha kahawa, basi.
Nikapiga picha bila kuweka uso wangu.

"Ndogo," akajibu Satenig.

Hiyo ni mwaka jana.
Jana simu ililia adhuhuri, naye huwa hapigi adhuhuri.
Nyuzi thelathini na nane, alisema, Astoria, siku ya nne,
na ukungu hajauona tangu Jumapili.
Masinia yake yote yameinamisha shingo.
Akanyamaza. Nikasikia feni ikigeuka, ikirudi.
"Ile yako ya kikombe," akasema,
"ilizaa viazi?"

Nimeshuka stoo, nimepapasa mchangani.
Vitano, vigumu, vyenye macho.
Nimetafuta sanduku la viatu, nimechonga penseli,
na juu ya karatasi nimeanza:
Usipande bado.