Herufi Nne

Bi Donka aliingia na theluji mabegani,
barua ameikunja mara nne ndani ya glavu
kama dawa ya kupimiwa.
"Mwanangu amerukwa na akili," akasema,
"au ameingia dini ya watu wasiokula mkate.
Soma mwenyewe."

Nikasoma: Ìàìî.
Chini yake mistari kumi na minane ya ukoo huohuo,
i zenye kofia, a zenye mkwaruzo utosini,
maneno yasiyo kichwa wala miguu.
Hapa Vidin tunayaita maandishi ya nyani.
Tunamsingizia nyani bure.

Mwaka ule nilikuwa na kompyuta tano, mbili zinafanya kazi,
na jiko la kuni lililokula kuliko wateja walivyolipa.
Nikamvutia kiti.
"Mwanao mzima, bibi. Barua nayo nzima.
Mashine haijui herufi, inajua namba.
Plamen alipobonyeza M kule Valencia
iliondoka mia mbili na nne, ikafika mia mbili na nne,
haikupungua hata moja njiani.
Ila huku imepokewa na karani mwenye daftari la watu wengine.
Kaangalia mia mbili na nne, kachomoa alichokikuta."

"Basi mfukuze huyo karani."

Nikabonyeza mara tatu: mwonekano, usimbaji, Kisirili.
Kioo kikapepesa kama mtu aliyeamshwa kwa kofi,
halafu Мамо, kikasema, Мамо,
neno ambalo hata mama wa nchi nyingine angegeuka.

Hakushangilia. Alisoma midomo ikitembea,
kwamba mkono umevunjika lakini ni wa kushoto,
kwamba machungwa huko yanaoza barabarani,
kwamba Pasaka hatakuja,
wala ile inayofuata, labda.
Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya mtandio.
"Jana alikuwa kichaa," akasema,
"lakini alikuwa anakuja."

Kisha akatoa nyingine, ya Oktoba.
Hiyo ilikuwa alama za kuuliza tupu,
???? ?? ?????????
hivyo hivyo mpaka chini,
ukurasa mzima unanihoji mimi.
Nikajaribu madaftari yote niliyonayo, la Warusi, la Wagiriki,
hata la Waturuki, kwa kukata tamaa tu.
Usiandikie mate na wino ungalipo, wanasema;
hapa hata mate yalikuwa yamekauka.
Mashine fulani njiani ilikutana na namba isiyoijua,
na badala ya kuipisha ikaitupa,
ikapanda mahali pake kiulizo.
"Hii haiponi, bibi. Ile ilisomwa vibaya.
Hii imefutwa."

Alinyamaza. Kuni zikapasuka jikoni.
Akaweka kidole juu ya karatasi, akahesabu
kama alivyohesabu vifungo miaka thelathini,
akishona sare za watu wa reli.
"Nne. Huyu ni mimi."
Akaruka hadi mwisho wa ukurasa.
"Sita. Huyu ni Plamen."

Nafasi kati ya maneno zilikuwa zimesalimika.
Mimi fundi, mwenye cheti ukutani,
sikuziona.

Hakunilipa, wala sikumdai.
Baridi yote ile alikuja kila Jumatano na neno moja
ameliandika nyuma ya risiti ya mkate,
akalipima juu ya alama tisa za mstari wa kwanza.
Mara lina herufi kumi.
Mara linatosha, lakini anatikisa kichwa:
"Plamen hasemi hivi."

Machi, barafu ya Danube ikiwa imeshaachia,
alileta moja akaliweka, likakaa barabara,
herufi juu ya kiulizo, kiulizo chini ya herufi.
Nikamuuliza ni neno gani.

Akafunika karatasi kwa kiganja.